Kitenge Kilicholiwa na Ng'ombe

Didia nzima ilijua kwamba Kulwa, binti wa Mzee Ngassa, hakosei. Mpe gunia la pamba, kaa pembeni, utazame: pamba safi huku, fifi kule, yaani ile yenye madoa na takataka, mikono inakwenda kama ya mtu anayekimbizwa, na karani wa kununua pamba hakuwahi kumrudishia hata konzi moja. Uji wake haukuwa na mabonge. Kibuyu chake cha maziwa kilinukia moshi vile inavyotakiwa. Basi ungedhani vijana walipigana vikumbo mlangoni kwa mzee huyo. Wapi! Mwaka ule wa 1952, Kulwa akiwa na miaka kumi na tisa, hakuna shingo ya kijana iliyokuwa imegeuka kumtazama, kwa sababu shingo zote zilikuwa zimekwisha kugeukia kwa Doto.

Doto alikuwa pacha wake. Ukitaka kujua walivyotofautiana, anza na jikoni. Doto aliunguza ugali. Alisahau jembe shambani, akarudi kulifuata, akakutana na watu njiani, akasahau alichorudia. Kicheko chake kilifika nyumbani kabla yake. Na wakati wa mbina, zile ngoma za baada ya mavuno, akishika wimbo, hata wazee waliokuja kunywa pombe tu walisimama. Sura zao zilikuwa moja. Pua ile ile, mwanya ule ule. Hilo ndilo lililomuuma Kulwa kuliko yote, maana kama angekuwa mbaya wa sura angejua la kulaumu.

Nyumbani kwa Mzee Ngassa mapacha walilelewa kwa mizani. Doto akipewa karanga kiganja kimoja, Kulwa naye kiganja kimoja. Doto alipougua surua akapewa maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, Kulwa mzima wa afya naye alinyweshwa, kwa kuwa wazee waliamini kwamba pacha akipunjwa atadhoofu, na akidhoofu mmoja, wa pili humfuata. Kila kitu viwili, kila kitu sawa. Lakini kupendwa na watu ungekupima kwa kibuyu gani? Huko hakukuwa na wa kumfidia Kulwa.

Padri wa misheni aliwabatiza Generosa na Scolastika, majina yakabaki kwenye daftari la padri. Shuleni huko huko misheni kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa Tabora, aliyeshikilia sana adabu ya Kiswahili. Siku moja akasema, "Doto, Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Mwamkie dada yako." Doto akafungua mdomo aseme shikamoo, akamtazama Kulwa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, mapacha hawana mkubwa," alisema akijifuta machozi. "Nitamwamkiaje mtu niliyelala naye tumboni?"

Kulwa naye alicheka siku ile. Ni mara chache hao wawili walicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Sasa, mwezi wa saba, pamba ikiwa imejaa uani, alikuja Makoye, mtoto wa shangazi yao, likizo kutoka mgodi wa dhahabu wa Geita. Aliongozana na rafiki yake wa kambini, kijana mmoja Msumbwa wa Ushirombo aitwaye Bujiku. Huyu Bujiku alikuwa mrefu, mpole, mwenye kovu dogo la jiwe juu ya jicho. Alipoingia uani Doto alikuwa anaimba huku anatwanga. Bujiku akasalimia kila mtu isipokuwa yeye, akaenda moja kwa moja kukaa karibu na Kulwa kwenye rundo la pamba.

Alikaa hapo siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Alimsaidia kuchambua, akikosea kila mara, na Kulwa akirudisha fifi zake upande wake bila kumsema. Alimweleza habari za chini ya ardhi, jinsi mtu anavyosikia maji yakitiririka ndani ya mwamba asiyaone. Alimuuliza maswali mengi. Baba anapenda nini? Mayu, mama yenu, anatoka ukoo gani? Nyinyi mapacha hamgombani? Kulwa alijibu yote. Doto akipita na mtungi, Bujiku alinyamaza na kutazama pamba, na Kulwa akasema moyoni, huyu hatimaye hamwoni Doto. Maskini! Hakuna aliyemwambia kwamba kuna wanaume wanaofungwa ulimi na yule wanayempenda, wakaongea kutwa nzima na yule asiyewatisha.

"Mikono yako haina mchezo," Bujiku alimwambia siku ya tatu.

Kwa neno hilo moja Kulwa aliishi wiki nzima. Alilirudia kisimani, alilirudia akikamua ng'ombe. Alianza kupaka mafuta viwiko.

Haukupita muda, Makoye akaleta habari kwa Mzee Ngassa: rafiki yangu anataka kuposa kwako. Ni posa ya pacha. Na posa ya pacha katika ukoo ule ilikuwa na mila yake, isikilizeni vizuri maana ndiyo iliyoleta balaa. Siku ya posa jina la binti halitajwi, kwa sababu kumtaja mmoja ni kumkana mwenzake mbele ya watu. Mposaji huleta vitenge viwili vilivyokatwa kwenye jora moja, na nguo ndizo zinazosema. Cha kwanza hukabidhiwa anayeposwa. Cha pili hupewa pacha wake, asijione ameachwa. Kisha huchaguliwa siku ya wote wawili kuvaa na kupita mbele ya baba yao wakiwa sawa, na bila siku hiyo binti hatoki. Tena nguo ya posa ikishapokewa haibadilishwi. Kuibadilisha ni kumrudisha mchumba.

Makoye alimfundisha rafiki yake yote hayo kasoro moja: nani anaanza. Hakulisema kwa sababu hakufikiri kama yupo mtu duniani asiyelijua.

Bujiku alinunua nguo zake kwa Mhindi wa karibu na stesheni ya Shinyanga. Vilikuwa vitenge vya rangi ya damu ya mzee, vyenye miduara myeupe, na ndani ya kila mduara ndege mweusi. Siku yenyewe mabinti walikaa mkekani, vichwa chini, Kulwa kulia, Doto kushoto. Bujiku akapiga goti, akaelekea kulia, akamkabidhi Kulwa kitenge cha kwanza kwa mikono miwili.

Mama alipiga vigelegele. Kulwa aliipokea ile nguo na masikio yake yakaziba, hakusikia tena kitu. Alichokiona ni mikono ya Doto ikipokea kitenge cha pili.

Zilifuata siku tisa. Tuseme ukweli, hakuna siku nyingine katika maisha ya Kulwa zilizofanana na hizo. Aliposwa yeye! Yeye asiyejua kuimba, yeye ambaye watu walimwita "yule mwingine". Lakini utamu wa siku hizo haukutoka kwa Bujiku peke yake. Doto alikuwa ameacha kuimba. Alitwanga kimya, alichota maji kimya, na siku moja Kulwa alimkuta nyuma ya kihenge cha nafaka amejifunika uso kwa kile kitenge cha pili, mabega yanamcheza. Kulwa akaelewa papo hapo kwamba Doto naye alimpenda mtu yule. Akarudi zake bila kumgusa. Njiani alijikuta anatabasamu, na hakulifuta tabasamu lile.

Jioni ile Doto alikuja kumsaidia kusaga, macho mekundu.

"Bujiku ni mtu mwema," alisema. "Utatulia naye. Nimefurahi, Kulwa. Kweli."

"Najua," Kulwa alijibu, na akaendelea kusaga.

Siku ya tisa Bujiku na Makoye walirudi kupokea jibu. Doto alikuwa kisimani. Kulwa alipika mwenyewe, wali wa wageni na kuku, akaleta maji ya kunawa kwa heshima zote. Bujiku akanawa, akauliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Kisimani."

"Basi nianze na wewe, maana ndivyo inavyotakiwa. Nakushukuru. Ulipokea nguo yangu kwa mikono miwili, hukunitia aibu mbele ya wazee. Sasa naomba ruhusa yako nimchukue Doto."

"Nani?" aliuliza Kulwa.

"Doto."

Mzee Ngassa akaweka chini kipande cha kuku. "Kijana, wewe nguo ya kwanza umempa nani?"

"Nimempa huyu, baba. Kwetu Ushirombo tunaanza na anayebaki. Yeye ndiye anayenyang'anywa mtu wake, sasa utampitaje?"

Makoye alishika kichwa. Mzee akatazama mke wake, mke akamtazama mzee, na kicheko kikawashika wote wawili, kicheko cha kujifuta macho. Doto akatokea na mtungi kichwani, akaambiwa, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka maji yakammwagikia shingoni. Bujiku peke yake hakucheka, aliona haya. Na Kulwa? Kulwa alijikaza kisabuni, akacheka nao. Akakusanya sahani. Akaziosha moja moja, na ile ya Bujiku akaiosha mara mbili.

Kesho yake asubuhi, wengine wakiwa shambani, alitoa kitenge chake chini ya kitanda akakitandaza. Alikuwa na kisu cha kukatia viazi vya michembe. Alikata pembe moja ya nguo, kipande kama kiganja, sawasawa bila kupinda, kama alivyofanya kila kitu. Kipande hicho akakisugua kwenye samadi ya zizini, akakitafunatafuna kwa meno yake mwenyewe, ndiyo, kwa meno yake, akakiacha karibu na kwato za ng'ombe. Kitenge kilichobaki alikikunja vizuri, akakiingiza kwenye chungu, akamimina juu yake mbegu za karanga, akakipeleka ndani kabisa ya kihenge.

Waliporudi walimkuta amekaa kizingitini. Alisema alikifua kitenge, akakianika juu ya minyaa ya uzio, akasinzia, na ng'ombe yule mwekundu amekila. Aliaminiwa palepale. Kwanza, ng'ombe yule alikuwa na tabia hiyo, alishawahi kutafuna kilemba cha mama. Pili, aliyesema ni Kulwa, na Kulwa hakosei. Doto akapiga magoti zizini, akaokota kile kipande, akakiosha. Halafu akaja kumkumbatia pacha wake.

"Usilie," akamwambia. "Si kosa lako."

Kulwa hakuwa analia, lakini alipoambiwa hivyo alilia.

Siku ya kuvaa ikaahirishwa, kwani ingekuwaje? Mmoja avae, mwingine akae uchi wa posa? Ukoo mzima ungengoja maradhi. Ilibaki njia moja tu, kutafuta kitenge kile kile cha jora lile lile. Mhindi wa stesheni alisema jora limekwisha. Bujiku akarudi Geita kazini, na kutoka huko akaanza kutafuta.

Alitafuta miezi minane. Alipopata ruhusa alikwenda Mwanza, akapita maduka yote. Aliwaagiza watu wa Mhunze, aliwaagiza wanaokwenda Tabora. Mara nne alikuja Didia na nguo kwapani, amejaa vumbi mpaka kope, na kila mara alikwenda kwanza kwa Kulwa.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye jicho. Hiki je?"

Kulwa alikiweka kando ya kitenge cha Doto, akakagua. "Hapana. Miduara hii ni midogo." Au, "Rangi imefifia." Bujiku alikunja nguo yake bila ubishi. Kisha alikaa apumzike, na akikaa, alikaa na Kulwa, kwa sababu mila haikumruhusu bado kukaa na mchumba wake. Unaona basi? Kulwa alikuwa amejipatia kitu. Alizihesabu ziara zile kuwa zake. Alimpa maziwa, alimsikiliza, alisubiri siku ambayo mtu yule atachoka, atageuza shingo na kumwona aliyekaa naye muda wote huo.

Mara ya tatu Bujiku alileta nguo ambayo hata Mzee Ngassa alisema hii hapa, tumemaliza. Miduara sawa, rangi sawa. Kulwa akaikagua muda mrefu, jasho likimtoka kwapani. Akaona.

"Ndege," alisema. "Wa Doto wanatazama kushoto. Hawa wanatazama kulia."

Wote wakainama kutazama. Kweli! Mama akamsifu mbele ya watu: bila mtoto huyu tungeingia kwenye mkosi kwa macho yetu. Bujiku alikaa chini kwenye vumbi, akakishika kichwa chake.

Kulwa akaona sasa ndiyo nafasi. Walipobaki wawili akasema taratibu, "Shemeji, kama nguo haipatikani, labda haikupangwa. Mtu hujisumbua kwa jambo moja kumbe lake liko karibu."

Bujiku akainua uso. "Nitaitafuta hata Kampala," alisema. "Wewe humjui Doto kama ninavyomjua mimi. Niliposikia anaimba siku ile ya kwanza, nilikosa pa kuweka mikono yangu. Ndiyo maana nilikuja kuishughulisha kwenye pamba yako."

Kulwa aliondoka akaenda kukamua, ingawa haukuwa wakati wa kukamua. Akakaa chini ya ng'ombe, akivuta chuchu zisizotoa kitu. Zile siku tatu za pamba, alizozitunza kama mali yake, nazo zilikuwa za Doto.

Aliyelimaliza jambo hilo alikuwa Doto mwenyewe. Siku moja ya mwezi wa tatu aliazima mkasi kwa Marcel, fundi cherehani wa sokoni. Akaja uani mbele ya baba na mama, akatandaza kitenge chake juu ya mkeka. Kila mtu alijua anavyokipenda. Alikifunga kichwani wakati wa kulala asije akakisahau mahali. Akapima katikati kwa shubiri, akapima tena, ulimi nje. Doto ambaye hakuwahi kukata hata kitunguu kikakatika sawa! Akapitisha mkasi katikati ya miduara, katikati ya ndege, mpaka mwisho. Nusu moja akajifunga kiunoni, ikaishia magotini kama nguo ya mtoto. Nusu ya pili akampa Kulwa.

"Jora moja, kipande kimoja," alisema. "Ndege wote wanatazama kushoto. Kagua."

Kulwa alikagua. Alitafuta kasoro kama anavyotafuta doa kwenye pamba, uzi kwa uzi, na wote wakamngoja.

"Zinafanana," alisema mwishowe.

Mzee Ngassa akasema hajawahi kuona pacha akifanyiwa haki namna ile. Habari ikaenea. Kisimani, mnadani, misheni, ilikuwa ni Doto tu: Doto aliyekata nguo yake ya posa kwa ajili ya pacha wake. Kina mama waliwatajia binti zao. Kulwa alikuwa ameuonea wivu uimbaji wa Doto, kicheko chake, mchumba wake. Sasa akaanza kuuonea wivu wema wake. Huo ulimla kuliko vyote, maana kwa kupika na kuchambua pamba alimshinda, na alikuwa amejiaminisha kwamba hata kwa wema anamshinda.

Siku ya harusi, mwezi wa sita, ng'ombe mwekundu alichinjwa kwa kosa lake. Asubuhi mapacha waliachwa peke yao ndani wavae. Nje Makoye alikuwa amekwisha kuleta wapiga ngoma. Doto alijifunga nusu yake, akajitazama magoti, akacheka. "Bujiku ataona ameoa mtoto wa shule."

Ndipo Kulwa alipokwenda kihengeni. Usimfikirie kwamba alitubu. Hapana, au labda kidogo. Aliwaza kwamba Doto akitoka na kile kipande, watu watamsifu mpaka mwisho wa dunia, na yeye Kulwa ataendelea kuwa yule aliyekatiwa. Alitaka walau siku moja awe yeye anayetoa. Alimwaga karanga, akavuta kitenge, akakikung'uta, akarudi nacho ndani.

"Chukua hiki," alisema. "Uolewe na nguo nzima. Nipe mimi hizo nusu mbili, nitaziunga nivae."

Doto alikipokea akiwa bado na kicheko usoni. Kilikuwa kipya, kina wanga wa dukani bado, kinanuka karanga. Akakikunjua. Pembe tatu zilikuwa nzima. Ya nne ilikuwa imekatwa kwa kisu, sawasawa bila kupinda.

Doto aliitazama ile pembe. Akafungua fundo la nguo yake ya ndani, akatoa kile kipande alichookota zizini. Kumbe alikuwa amekihifadhi miezi yote ile. Akakiweka pale palipokatwa. Kikakaa mahali pake.

"Bujiku alitembea mpaka miguu ikapasuka," alisema. Sauti yake haikuwa na ukali.

Kulwa alitaka aseme kitu. Maneno yalikuwepo, tena mengi. Angeweza kumwambia zile siku tisa, angeweza kumwambia kuhusu mikono isiyo na mchezo.

Doto akakunja kitenge kizima kwa uangalifu, yeye asiyejua kukunja nguo, akakiweka juu ya kitanda cha Kulwa na kile kipande juu yake. Akajifunga upya nusu yake. Akaichukua kwa Kulwa ile nusu nyingine, akamfunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akamnyoosha pindo, ili wapite mbele ya baba yao wakiwa sawa na asiwepo wa kuugua. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada," alisema.

Kulwa alimtazama amwone kama anacheka. Hakuwa anacheka. Nje ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza na mama alikuwa anawaita.

"Marahaba," alijibu Kulwa.

Doto hakumwambia mtu. Si Bujiku, si mama, si padri, ninavyojua mimi. Alikwenda Geita akaishi kwenye nyumba za kambi, akajifunza Kiswahili cha watu wa kila kabila, akazaa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Limi, na wanasema huko nako aliunguza ugali na kuimba. Kulwa aliolewa miaka miwili baadaye na Maganga, mfuga ng'ombe wa Mhunze, mtu mzuri asiyeongea. Nyumba yake ilisifiwa kwa usafi wilaya nzima. Kile kitenge hakukivaa, hakukiuza, wala hakukiwekea kiraka. Kilikaa chini ya sanduku.

Kila mwaka baada ya mavuno Doto alikuja kumtembelea. Majirani walimsikia anacheka tangu barabarani, na watoto wa Kulwa walimkimbilia wakimng'ang'ania miguu. Akifika mlangoni kwa pacha wake kicheko kilikoma, akashusha mzigo, akapiga goti vumbini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ndani."

Kulwa alingoja kila mwaka kwamba safari hii atasahau, maana Doto alisahau kila kitu, majembe, sufuria, hata siku za sikukuu. Hilo hakulisahau. Na majirani wa Mhunze, waliokaa uani wakila karanga, walitikisa vichwa kwa kuridhika.

"Huyu Mama Limi kakaa kambini miaka yote hii," walisema, "lakini tazama adabu yake. Tena ni pacha, wamepishana dakika tu."

Na Kulwa aliwapitishia maji ya kunywa, akasema ndiyo, Doto ana adabu sana.